Kiti cha Chumba cha Kufungashia

Wifi yangu hajawahi kunipenda, na mimi sikujihangaisha kumbembeleza. Siku mdogo wake aliponileta nyumbani kama mke, wifi alinishika mikono, akaigeuza, akasema ni laini mno, nitawatia aibu. Akanipeleka kwenye kiwanda cha samaki alikofanya kazi, ikakomazwe. Miaka tisa tulisimama meza moja, yeye kulia, mimi kushoto, tukipasua samaki na kununiana.

Nisimnyime haki yake: kwa kisu hakuna aliyemfikia. Kiwanda kizima kilimwita Wembe. Samaki alimpitia mkononi, minofu huku, mifupa kule, ngozi imetoka nzima kama soksi, na mdomo bado unanisema. Alianza kazi hiyo ana miaka kumi na tisa. Miaka ishirini na sita amesimama kwenye saruji yenye maji na barafu, mpaka magoti yakafa. Ngazi za nyumbani alizishuka kinyumenyume, ameshika ukuta, na ole wake atakayejitia kumsaidia.

Ngozi na magamba tuliyatupa kwenye mapipa ya bluu, na kila saa mmoja wetu aliyamwagia kikombe cha klorini, dawa kali isiyonyweka, ili nzi na harufu visitufukuze. Kazi hiyo ilikuwa yangu, kwa sababu wifi alisema pua yangu imeshazoea mambo mabaya. Mwaka jana wakubwa wa kiwanda wakaleta mashine, wakatangaza kwamba ngozi si taka tena. Kumbe humo mna kolajeni, protini ileile inayoshikilia ngozi ya mtu, mifupa na maungio. Ikichemshwa na kukatwakatwa vipande vidogo sana, inakuwa unga mweupe usio na harufu, unakoroga kwenye chai unakunywa. Wakubwa wakabadilisha jina la mapipa kwenye karatasi zao. Sisi wa mezani hakuna aliyetuambia tubadilishe chochote. Nikaendelea kumwaga klorini yangu.

Msimamizi akachagua wafanyakazi kumi wenye maungio mabovu, wakapewe unga wa mfano uliokuja na mashine, wanywe miezi mitatu. Wa kwanza alikuwa wifi. Mwezi wa pili akaanza kulala bila kugumia. Kama ni unga au ni zile siku mbili za mapumziko walizompa kila wiki, sijui. Mganga wa kiwanda mwenyewe alituambia unga huo husaidia baadhi ya watu, tena kwa kiasi, na goti lililokwisha kusagika haliwi jipya. Msimamizi hakutaka kusikia habari ya kiasi. Alimwambia wifi kwamba akiwaeleza vizuri wanunuzi wa unga jinsi ulivyomsaidia, atahamishiwa chumba cha kufungashia makopo, ambako watu wanafanya kazi wamekaa.

Sijawahi kumwona wifi akitaka kitu kama alivyokitaka kile kiti. Wakati wa chakula alikwenda kukitazama. Akashika egemeo lake, akalitikisa kidogo kuona kama ni imara, akarudi mezani, na mchana mzima hakunitukana. Nikamwonea huruma, na huruma yenyewe ikaniudhi.

Wanunuzi walikuja asubuhi, watatu, makoti yao meupe bado yana mikunjo ya dukani. Wifi alijieleza vizuri. Akachuchumaa mbele yao, akainuka bila kushika meza, na mimi niliyemjua niliona jinsi alivyouma meno. Kisha mmoja wao, mama mwenye miwani, akauliza ngozi zinatunzwaje kutoka mezani mpaka kwenye mashine. Wifi anaona usafi ni ibada. Akajibu kwa majivuno kwamba zinatiwa klorini kila saa, kikombe kizima, wala hatujaruka hata siku moja.

Msimamizi akanywea. Yule mama akarudia swali, na wifi, akidhani hakusikia, akamjibu vilevile kwa sauti kubwa zaidi. Wakafunga madaftari yao. Hata chai iliyoandaliwa hawakuigusa.

Mchana tukaitwa ofisini, mimi na yeye. Msimamizi alikuwa ameshaandaa karatasi. Ilisema klorini ilitiwa na mfanyakazi mmoja kwa uzembe wake, bila kuagizwa na mtu, na mfanyakazi huyo nilikuwa mimi. Ilikosa sahihi ya shahidi tu. Msimamizi huyohuyo ndiye aliyenigawia klorini na kile kikombe kila asubuhi kwa miaka tisa, wifi akiwa amesimama palepale anaona. Sasa alimweleza wifi kwa upole kwamba wanunuzi wakiona kosa ni la mtu mmoja na mtu huyo ameondoka, watarudi. Na kiti, akasema, bado kipo.

Nikamgeukia wifi. Ulimi wake ninaujua. Nilimngoja amchane msimamizi kama anavyonichana mimi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilifurahi kuwa upande wake. Aliisoma karatasi mpaka mwisho, taratibu, kisha akaomba kalamu.

"Wifi," nikasema, "unajua nani alikuwa akinipa kile kikombe."

"Najua."

"Na bado unatia sahihi?"

Alitia kwanza, ndipo akanitazama.

"Wewe magoti yako bado mazima," akasema. "Utapata kazi nyingine ya kusimama."

Siku hiyohiyo nikatolewa kiwandani. Tunaishi nyumba moja hadi leo, yeye chumba cha mbele, sisi cha nyuma. Mume wangu ananiambia nimvumilie, dada yake hajui kuomba radhi. Namjibu kwamba sijamngoja aombe. Kila asubuhi namsikia akifungua mlango, anakwenda kiwandani kukaa.