Taa za Matumbawe Yangu Zilikwenda Muleba Kutega Senene

Admin, naomba unifichie jina, na hata shule ninayofundisha usiitaje. Bukoba ni ndogo, na mawifi zangu wanasoma huu ukurasa kuliko wanavyosoma Biblia.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa baiolojia, nimeolewa, tunaishi Rwamishenye. Mtoto bado hatujajaliwa. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mtaniuliza, na kwa sababu upande wa mume wangu, watu wa Muleba, hawawezi kunitaja bila kulitaja.

Nilipokuwa chuoni tulipelekwa Tanga kuona matumbawe. Mimi niliyekulia migombani Maruku nilichungulia chini ya maji yale nikatoka machozi yananitiririka, nikajiapiza kwamba ipo siku nitakuwa nayo nyumbani. Nilipopata kazi nikaanza kidogo kidogo. Tangi la kioo, mchanga, mawe, pampu, hita kwa ajili ya baridi yetu, betri ya kusukuma pampu umeme ukikatika, na taa kali za buluu na nyeupe, maana matumbawe bila mwanga hufa kama mgomba uliopandwa ndani ya nyumba. Maji nilikinga ya mvua nikayachuja, nikachanganya chumvi maalumu iliyotoka Dar. Majirani walicheka sana, kwamba ziwa liko hapo chini lakini mwalimu anatengeneza bahari sebuleni. Tangi lilikaa wiki kadhaa bila samaki hata mmoja, mimi napima maji tu, kwa sababu ukiharakisha wanakufa. Ndipo nikaweka matumbawe na samaki wawili, na matumbawe yalipofunguka na kuanza kucheza kwenye maji, mume wangu akawa wa kwanza kujisifu. Wageni wakija aliwaambia, "Njooni muone tangi letu."

Msimu wa senene uliopita niliitwa mkoa mwingine kusahihisha mitihani. Nilimwonyesha mume wangu namna ya kulisha, nikamwambia asiguse taa wala betri, mengine yatajiendesha. Kila jioni nilipiga simu kuulizia. Akasema wazima wote. Siku moja nikaomba picha, akanitumia, taa zinawaka na wale samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa wanaonekana vizuri kabisa. Nikalala kwa amani.

Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni. Tangi lilikuwa giza, maji yameota utando, matumbawe yamekuwa meupe kama chokaa. Samaki hakuna. Taa hazipo, betri haipo. Nilikaa sakafuni na begi langu mgongoni, sikujua nimlilie nani.

Kwa msio wa Kagera, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, hufuata mwanga, hivyo wategaji huwasha taa kali, husimamisha mabati ili wayagonge na kuteleza mpaka kwenye pipa, na kufukiza moshi. Taa ya shemeji yangu, ndugu wa mume wangu anayetega senene huko Muleba, iliharibika msimu umepamba moto. Akaja mjini, akaziona zangu, akaziomba, na mume wangu akazifungua kwa mikono yake. Betri nayo ikaenda kwa sababu kule shambani hakuna umeme. Huku nyuma umeme ukakatika Bukoba, pampu ikasimama. Ile picha ilikuwa ya zamani. Siku aliyonitumia, yeye mwenyewe alikuwa Muleba anakamata senene kwa taa zangu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Ungekataa."

Jumapili iliyofuata akaja mama mkwe, pamoja na shemeji na wifi, na bakuli la senene waliokaangwa vizuri. Akaniwekea mbele akasema, "Mukamwana, huu ni mgao wako. Taa zako zimefanya kazi." Nikamjibu kwa adabu zote, nikimwita mama yetu kwa Kihaya, "Mae waitu, nashukuru, lakini hawa siwezi kuwala." Nikalisogeza bakuli.

Mama mkwe akasimama. Akasema enzi zao wanawake walikusanya senene na wanaume wakala, wao hawakuonja, leo mimi naletewa mpaka mezani nasukuma. Wifi akadakia kwamba ningekuwa na mtoto wa kulea nisingelilia samaki. Nikamtazama mume wangu aseme neno moja tu. Alikuwa anatafuna, akachota wengine. Maneno ya wifi nimeyazoea, ila kule kutafuna kunaniuma mpaka leo.

Sasa kikao cha ukoo kimeshakaa bila mimi. Wamesema kumkatalia mama mkwe senene mbele ya mwanawe ni kumtukana. Jumapili hii natakiwa niende Muleba na vitenge vya kumtuliza, nipige magoti, nile senene mkononi mwake watu wote wakiona. Nisipokwenda, mume wangu amesema nirudi Maruku kwetu. Ameniambia, "Samaki wako hawatanigombanisha na mama yangu." Lilipokuwa hai lilikuwa tangi letu. Wamekufa, wamekuwa samaki wangu. Kosa la kuombewa radhi limeonekana ni langu, lake hakuna aliyeliona.

Taa zimerudi juzi, zinanuka moshi, mabawa ya senene yamenasa kwenye matundu yake. Akazifunga juu ya tangi tupu, akawasha, akaniuliza, "Si hizo zinawaka? Bado una neno gani?" Sijui kama bado nampenda au nimemzoea tu.

Msiniandikie kwamba ni samaki tu, hilo nimeshaambiwa vya kutosha. Nawauliza hasa nyie mlioolewa ukweni kwenye watu wengi. Vitenge nimeshanunua, viko hapa kitandani, na begi langu liko pembeni yake. Nishaurini ndugu zangu, niende Muleba nikapige magoti nile, au nilibebe begi niende Maruku?