Mfungo nje ya Kwaresima

Nilianza kukaa bila kula hadi saa saba mchana kwa sababu suruali ya suti ilikuwa hainitoshi kiunoni, na harusi ya binti yetu ilikaribia. Kosa langu ni kwamba kwa aibu sikumwambia mke wangu. Asubuhi nilisukuma tu kikombe cha chai pembeni.

Kichwa kikawa kinagonga kama mashine ya kukoboa mpunga, na usingizi ukanikimbia. Wanajumuiya wenzetu waliona macho yangu mekundu. Kwa kuwa Kwaresima ilishapita, wakaamini ninatubu jambo zito.

Mke wangu alivumilia, kisha siku moja akaweka ungo wa mchele chini.

“Mzee, huyo mwanamke yuko Kiberege au ni hapahapa Ifakara?”

“Ni suruali, mama.”

“Suruali ya nani?”

Nikaenda kuivaa, nikarudi nimeishika kiunoni kwa mikono miwili, maana haifungi. Alicheka hadi machozi, halafu akanimiminia chai.

“Kunywa, kichwa kitulie. Chai haiachwi kwa siku moja, na maji hunywi kabisa. Punguza kwanza huo mlima wa wali wa usiku.”

Usiku huo nililala fofofo. Suruali aliipeleka mwenyewe kwa fundi cherehani.