Moto Bila Maiti

Jumapili iliyopita, kanisani pale Kimanga, mtaa wa mji wetu huu wa kando ya ziwa, mhubiri mmoja kijana alishika kipaza sauti akasema kwamba huzuni ya kulala kitandani ni uvivu tu uliopewa jina la ugonjwa. Akasema: "Bibi zetu waliona vita, wakaona njaa, nani aliwashika mkono? Walijiinua wenyewe!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa benchi la mbele, kwa sababu ya masikio yangu, na nilitaka kuinuka nimuulize: bibi yupi huyo? Nipeleke kwake nimwone. Lakini siku hizi magoti yangu yanachelewa, nikija kusimama wameshaanza kuimba. Nikatoka. Hasira ile haijashuka, na ndiyo inayoniandikisha leo, mimi niliyesoma madarasa mawili tu kwa masista, na la pili sikulimaliza.

Nitasema habari ya yaya yangu. Kwetu yaya ni mkubwa wako, yule aliyekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea.

Yaya aliolewa muda kidogo baada ya uhuru. Uhuru wenyewe mimi naukumbuka kwa biskuti na bendera ya karatasi. Mjomba wetu alisikia kwamba sasa kila mtu atapata nyumba ya Mzungu, akaenda kabisa kujichagulia moja karibu na ziwa, akahamisha mkeka wake na kuku wake. Akaishi humo vizuri mpaka alipokuja mkubwa mmoja wa jeshi, mweusi kama sisi, akamtoa kwa teke, kuku akabaki. Hayo tuyaache. Ila mjomba alisema kuanzia siku ile hataamini tena kitu kinachotangazwa kwenye redio, na hakukosea sana.

Mume wa yaya alikuwa dereva wa kamiyo, gari kubwa la kubeba pamba kutoka huko uwandani, Lubarika na kando zake. Mtu wa maneno mengi. Alikuwa anapiga honi tangu barabarani ili yaya aanze kusonga ugali.

"Shemeji," nilikuwa namwambia, "unaita ugali kama vile mtu anaita mbwa."

"Tena ugali inanisikia kuliko weye," ananijibu. "Leta maji ninawe."

Waasi walipoingia mjini walitaka magari. Walimkuta anakula. Wakamwambia anawe mikono, waende. Akanawa. Yaya alifunika sahani yake kwa sahani nyingine, maana walisema atarudi jioni. Kamiyo ikashika njia ya uwandani, na mpaka leo sijaona gari wala mtu. Mmoja alisema ilichomwa njiani. Mwingine alisema dereva alivuka kwenda Burundi. Mwingine aliapa kwamba alimwona milimani na bunduki. Kila mwenye mdomo alileta habari yake, akala ugali wetu, akaenda. Halafu askari wa serikali wakarudi kutuokoa, ndivyo walivyosema, wakaokoa mbuzi wetu, wakaokoa milango, wakawachukua na wanaume waliokuwa wamebaki. Mimi siwachagui, hawa na wale. Wote nawaweka chungu kimoja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mhubiri yule hajui kitu.

Kwetu mtu akifa, moto mkubwa unawashwa uani. Ndio moto wa kilio. Anayepita akiuona anaingia, hangoji kualikwa. Wanaume wanakaa kwenye magogo, wanawake wanalala chini pamoja na mfiwa, wanamwogesha, wanamlisha, na akikataa kula wanamtukana mpaka anakula. Hata adui yako analeta kuni. Lakini moto hauwashwi bila maiti, au bila mtu aliyeiona maiti kwa macho yake. Ukiwasha moto kwa aliyepotea, umemuua. Hata kumwambia mke wake "pole" ni kumuua.

Kwa hiyo hakuna aliyekuja. Majirani walikuwa watu wazuri, tena wenye adabu, na adabu yao iliwapitisha mbele ya nyumba yetu macho yakiwa chini. Walimheshimu yaya mpaka karibu afe.

Yaya alilala. Hakulia. Alilala akitazama ukuta, na ungemuuliza kitu, jibu lingekuja wakati umeshasahau swali. Mtoto wake wa kike alikuwa bado ananyonya, na maziwa yakakauka. Mimi, binti wa kuposwa tayari, nikawa mama wa uji. Nilikuwa natazama shingo ya yaya inavyokonda, nawaza: huyu nitamzika mvua hizi, na mtoto atamfuata. Hilo ndilo lilikuwa mbele yangu kila nilipofungua macho.

Na msiseme hakujaribu! Hapo ndipo napandwa na hasira. Alijaribu peke yake kuliko mtu yeyote ninayemjua. Siku moja aliamka, akaoga, akafunga kitambaa kichwani, akachukua beseni la mihogo kwenda kuiloweka ziwani. Nikafurahi, nikaimba jikoni. Jua lilipokuwa juu nikamfuata. Nikamkuta amekaa kwenye mchanga, mihogo imekauka ndani ya beseni, miguu yake haijalowa. Akaniambia, "Nilikuwa naomba miguu iende." Nikabeba beseni, nikamshika mkono tukarudi. Miaka mingi baadaye alinieleza: kila asubuhi alikuwa anajikaza, na kule kujikaza ndiko kulikula nguvu yote, ikawa hakuna iliyobaki ya kuinukia.

Mama mkwe wake alikuwa anakuja kusimama mlangoni. Haingii. "Jikaze, mama," anasema. "Mume wako iko njiani. Akute nyumba chafu hivi?" Anasema hivyo anaondoka haraka. Katekista naye akaja na neno lile lile, jikaze, ila lake lilikuwa refu zaidi. Neno hilo mimi nalichukia. Unamwambia mtu aliye ndani ya shimo kwamba ashike nywele zake mwenyewe ajivute.

Aliyekuja kweli ni shangazi yetu, dada ya baba, aliyeolewa juu milimani, kule Lemera. Alishuka kwa miguu na kiko mdomoni, mwanamke mwenye mdomo mbaya, Mungu ambariki. Aliingia, akamtazama yaya kwa muda mrefu. Akaingiza mkono akashika mbavu zake kama anapima mbuzi.

"Huyu amekufa kuliko yule aliyepotea," akasema. Kisha akanigeukia. "Kuni ziko wapi?"

"Za kupika?"

"Za kilio."

Nikamwambia, "Shangazi, maiti haiko."

"Haiko? Na hii iliyolala hapa ni nini? Tusingoje ioze. Leta kuni."

Nikaleta. Akauwasha katikati ya ua, mchana kweupe, moto mkubwa wa aibu, kila mtu auone. Moshi ulikuwa haujafika juu ya paa mama mkwe akaingia mbio, kitambaa kimemwanguka, na ndoo ya maji mkononi.

"Muchawi weye!" akapiga kelele. "Muchawi wa Lemera! Unaniulia mutoto! Mutoto wangu iko muzima!"

"Kama iko muzima, akuje anizimie moto mwenyewe," shangazi akajibu bila kutoa kiko. "Nitamupikia kuku. Nitapiga na magoti."

"Ondoa!"

"Siondoi. Uliingia lini ndani ya nyumba hii, weye? Unasimama mulangoni kama mutu anadai."

Mama mkwe akamwaga ile ndoo. Moto ukalia, nusu ukazima, majivu yakaruka yakatufunika wote. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua wa miti, hakuna aliyethubutu kuvuka.

Ndipo tukasikia sauti kutoka ndani ya nyumba. Sauti ya kukwaruza, nikafikiri ni ya mtu mwingine.

"Muache moto."

Yaya alikuwa kwenye kizingiti, ameshika ukuta. Akasema tena, "Mama, muache moto. Minye ninasikia baridi."

Mama mkwe alimwangalia. Sijui aliona nini. Nadhani kabla ya siku ile hakuwa amejiruhusu kumwangalia, maana uso ule ulikuwa na habari asiyoitaka. Ndoo ikamwanguka. Akakaa chini, hapo hapo kwenye matope ya majivu, akalia kilio cha mama, kile ambacho kila mwanamke wa huku anakitambua hata akiwa upande wa pili wa mji. Yaya akatembea, hatua za mtoto mchanga, akaanguka pembeni yake. Na yeye akalia. Ndiyo mara ya kwanza tangu sahani ile kufunikwa.

Basi majirani wakaingia. Wote kwa pamoja, kama maji yaliyofunguliwa. Walikuja na kuni, na ndagaa, na sombe ya majani ya mihogo, na mikeka, na matusi ya kumlisha mtu. Mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga akamchukua wetu akamweka kwenye titi bila kuuliza. Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru, lakini ndani nilikuwa nawaka: kumbe mlikuwa na haya yote! Yote yalikuwa majumbani mwenu, hatua chache, mkingoja ruhusa ya moshi!

Hakupona siku ile, msinielewe vibaya. Alikula, siku nyingine alikataa. Aliyekuwa analala naye mkeka mmoja ni mama mkwe, na wakawa wanagombana usiku kama mapacha, huyu akisema dereva amekufa, yule akisema yuko hai, huku wakifunikana nguo moja. Miaka iliyofuata ugonjwa ulirudi mara kwa mara, hasa majira ya pamba, na kila uliporudi tulikwenda kukaa naye. Tulienda tu. Hatukungoja tena maiti.

Ilipofika siku ya kuondoa moto, yaani kumaliza kilio, mama mkwe akakataa. Alisema mwanawe hawezi kuondolewa, mwenye hamu ya kuondoa aanze na yeye. Tukauacha. Mvua ndiyo iliyouzima. Asubuhi yake nilimkuta yaya ameinama uani, anazoa majivu kwenye beseni, taratibu, anapumzika, anazoa tena.

"Unayapeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye mboga yetu ya lengalenga," akasema. "Wadudu wameimaliza. Na weye umesimama hapo unangoja nini? Leta jembe."