Ploti nililipa mimi, agreement ikaniandika shahidi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Leo sina stori ya kuchekesha.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayetaka kujenga nyumba za kukodisha kule Mamboleo akitumia jina la kakake, na nimeshindwa kunyamaza. Nitakayosema yalinipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na bado yananiuma.

Mimi ni mama, nesi mstaafu. Miaka ya themanini nilikuwa nafanya kazi hospitali upande wa Kombewa. Mume wangu alikuwa ameaga, akaniachia watoto watatu, wote shule ya msingi. Mshahara wa nesi siku hizo mnaujua. Nikaona nikitegemea huo tu, hawa watoto hawatafika sekondari.

Nikaamua kujenga vyumba vya kukodisha. Kodi ndiyo ingekuwa school fees.

Kwa upande wa pesa sikukosea, na anayetaka ushauri auchukue hapa. Nilichukua loan ya sacco, ile inakatwa kwa payslip. Nikanunua ploti Mamboleo kwanza. Halafu nikajenga vyumba viwili tu, mabati juu, choo nje. Wapangaji wakaingia. Kodi ya hivyo viwili nikaiweka kando, sikujinunulia hata leso, mpaka ikajenga viwili vingine.

Msianze vyumba kumi mara moja na loan. Mtabaki na kuta bila paa, mbuzi wa jirani wakilala ndani. Na kama ploti yako iko kwa udongo mweusi, ule unavimba mvua ikinyesha na kupasua kuta, usimsikilize fundi anayekuambia msingi wa futi mbili unatosha.

Sasa nije kwa ujinga wangu.

Mzee aliyeuza ploti alisema hajawahi kuandikiana na mwanamke, niende na mwanaume wa kusimama nami. Sikubishana, kwetu mambo yalikuwa hivyo. Nikamwomba shemeji yangu Owino, mdogo wa marehemu, anisindikize.

Tulikaa kwa sebule ya mzee, bibi yake akiwepo. Pesa nilitoa mimi kwa mkoba wangu, mzee akahesabu akaridhika. Owino akaandika agreement kwa mkono, eti ana mwandiko mzuri. Mimi nilikuwa na shift ya mchana na gari ya Kombewa ilikuwa karibu kutoka.

Akanionyesha na kidole. "Shemeji, weka sahihi hapa."

Nikaweka.

Sikusoma. Mimi ambaye kazini nilikuwa nasoma chupa ya dawa mara mbili kabla ya kumdunga mtu sindano, karatasi ya ukurasa mmoja sikuisoma. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Akabaki na hiyo agreement, akasema atanifuatilia mambo ya title kwa sababu mimi niko kazini. Nikashukuru, tena nikampa na nauli.

Miaka minne mambo yalikuwa sawa. Kwa vile nilikuwa mbali, Owino ndiye alikuwa anachukua kodi na kuniletea. Hilo ni kosa lingine. Usimfanye jamaa yako caretaker bila kitabu cha risiti chenye jina lako. Mpangaji anajua yule anamwona kila mwisho wa mwezi, basi.

Halafu pesa ikaacha kuja. Mwezi wa kwanza, wa pili. Nikafunga safari.

Nilimkuta Mama Atieno, mpangaji wa chumba cha kwanza, akianika omena kwa gunia. Akaona aibu kuniangalia. "Sister, mwenye nyumba amesema ukikuja tusikupatie kitu."

Nikamuuliza mwenye nyumba ni nani.

"Si Owino."

Nilienda hadi kwake. Alikuwa anakula, na hakuacha kula. Akaniambia mali ya kakake haiwezi kwenda na mwanamke ambaye kesho ataolewa kwingine. Mali ya kakake gani? Marehemu alizikwa hata kabla sijafikiria hiyo ploti.

Nikamshtaki kwa chifu. Owino akaja na agreement, chifu akaisoma kwa sauti mbele ya watu. Mnunuzi: Owino. Jina langu lilikuwa chini kabisa, baada ya la bibi ya yule mzee. Shahidi.

Nimelipia ploti, halafu nimeshuhudia mtu mwingine akiinunua.

Mzee aliitwa, na hakudanganya. "Pesa nilipewa na huyu mama. Lakini shamba niliandikiana na huyu." Title ilikuwa imeshatoka, jina la Owino. Chifu akaniambia niende kortini.

Nilienda kwa wakili mara mbili. Lakini mtoto wangu wa kwanza alikuwa ameitwa Form One, na pesa ya wakili na ya shule zilitoka mfuko mmoja. Nikaacha kesi, na bado haikutosha. Alikaa nyumbani mwaka mzima akiangalia wenzake wakipita na sanduku.

Loan nayo haikujua mambo ya Owino. Ilikatwa mpaka shilingi ya mwisho. Kila mwisho wa mwezi nililipia vyumba ambavyo vilisomesha watoto wake.

Sikieni basi. Enda lands office ufanye search wewe mwenyewe, uone ploti iko kwa jina la nani. Agreement iandikwe na mtu ambaye hana haja na ploti yako. Isome yote, hata gari ikuache. Jina la mnunuzi liwe la aliyetoa pesa, na karatasi ulale nayo wewe. Atakayekasirika kwa sababu umesoma, huyo mshukuru, amejionyesha mapema.

Mwaka jana Owino alinipigia simu. Mabati yamezeeka, wapangaji wananyeshewa, anaomba nimsaidie kidogo. "Shemeji, hizi nyumba si ni zetu."

Zetu. Miaka yote hiyo, neno hilo lilingoja mpaka paa livuje.

Nilikata simu.

Wale mnataka kuniambia nimsamehe kwa sababu ni familia, andikeni hapa chini, nitawajibu mmoja mmoja. Lakini kabla hujaandika, fungua droo utoe agreement yako, usome ni nani amenunua.