Mama Alitaka Jina ya Mutu

Yaya yangu, mukubwa wangu ule ninayemufuata, alianza kukwama na bugali. Kisha hata uji ikakataa kupita. Huku Nakivale, ku kambi ya bakimbizi, mutu akishindwa kumeza banasema ni sumu ya mutu, na mama alijua mpaka nyumba yenye ilitoka, ilibakia tu jina ya mwenye aliitia. Alimunywesha mizizi ya kutapika miezi mingi. Siku yaya alitapika damu, nikamupeleka kwa nguvu ku hospitali, Mbarara. Mwenye angenizuia ningemupiga.

Pale bakamuingiza kamera mu kinywa, ndefu kama mupira wa maji. Daktari akaniita kwa sikirini. "Kuja uone. Hii nyama ndiyo inafunga njia ya chakula. Ni kansa."

"Basi muitoe! Si munatoboaka vitundu vidogo tu ku tumbo, na mutu anatembea kesho yake?"

"Ingekuwa mapema, ndiyo. Lakini picha ya tumbo yenye tulimupiga inaonyesha imefika kwa ini. Kisu haitasaidia."

"Unasema hivyo juu sisi ni bakimbizi!"

Yaya akanivuta shati. "Petit, mudogo wangu, wachana naye. Si yeye aliipanda." Kisha akamuuliza, "Daktari, kweli hakuna sumu?"

"Hakuna."

"Afazali ingekuwa sumu," yaya akasema. "Sumu iko na dawa."

Nikatoka inje kumupigia mama simu. Hakuuliza kama mutoto wake atapona.

"Bamekuambia ni nani alimupa sumu?"

"Mama, hakuna mutu. Ni ugonjwa."



"Rudia ndani," akasema. "Ubaulize tena."