Maneno ya Elina Ukutani

Elina alipoanza kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni pale Makambako, msichana wa kitanda cha jirani, Rosemary, alimuuliza mama yake anafanya kazi gani.

"Alikufa," Elina akajibu.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Wasichana wakamwonea huruma, wakamgawia karanga, na baada ya hapo hakuona njia ya kulirudisha.

Mama yake, Hulda, alikuwa hai, kijijini karibu na Igwachanya, akilima viazi. Miaka ya nyuma aliugua kichaa. Siku moja ya mnada alivua nguo zote mbele ya watu, akawa anawahubiria wauza mitumba. Elina, wakati huo akiwa shule ya msingi, alisimama katikati ya watoto wenzake akijifanya hamjui. Baadaye Hulda alitibiwa, akawa anameza dawa zake bila kukosa. Alirudi kwenye kwaya ya usharika, akalima, akauza, akamlipia mwanawe shule. Watu walimzoea tena. Elina tu ndiye ambaye hakuweza kuisahau ile siku ya mnada.

Alipokuwa kidato cha tatu, wafadhili waliiletea shule kompyuta. Mwalimu Jastin, aliyefundisha somo la kompyuta, akaweka programu ya kumwonyesha kwenye mashine yake kila kitu ambacho wanafunzi wanaandika kwenye mashine zao. Wanafunzi hawakuambiwa, wala wazazi hawakuulizwa. Kwenye kikao cha walimu ilisemwa ni kwa usalama wa watoto, na hakuna aliyepinga.

Siku hizo Elina alikuwa halali vizuri. Mara nyingine, akiwa peke yake bombani, alisikia kama mtu anamwita jina, na akigeuka hakuna mtu. Hakuwa na wa kumuuliza, kwa kuwa angemuuliza yeyote angelazimika kusema habari za mama yake. Basi kipindi cha kompyuta, wenzake wakichapa zoezi la barua, yeye akafungua ukurasa wa kutafutia akaandika: mtoto wa mama mwenye kichaa anaweza kurithi? Akasoma haraka haraka. Akaandika tena: dalili za mwanzo za kichaa kwa msichana.

Kioo cha kompyuta kikaganda. Alibonyeza huku na huku, wapi. Halafu akasikia darasa limenyamaza, akainua uso. Maneno yake yalikuwa ukutani, makubwa, projekta ikiyamulika kutoka kwenye mashine ya mwalimu.

"Kompyuta ni za masomo," alisema Mwalimu Jastin akitabasamu. "Sasa mwenzenu hapa anatafuta kichaa. Elina, simama. Umekipata?"

Darasa zima lilicheka. Elina alisimama, mikono ndani ya sweta.

"Ni nani mgonjwa, wewe au mama?"

Rosemary, akidhani anamtetea, akasema, "Mwalimu, mama yake alishakufa."

"Kumbe! Alikufa na kichaa chake?"

Wakacheka tena. Mwalimu Jastin aliyaacha maneno yale ukutani mpaka kengele ya kutoka ilipolia.

Kabla ya chakula cha jioni, wasichana wa bweni lake walikuwa wameshasogeza vitanda upande wa pili. Rosemary naye aliburuta chake. "Usinichukie," alimwambia. "Naogopa tu. Unaweza ukaamka ukatukaba."

Mkuu wa shule, Madam Margareth, akaamua kumwita mlezi. Namba aliyoiacha Elina ilikuwa ya bibi yake, lakini Hulda ndiye aliyepokea. Kesho yake akafika shuleni amevaa kitenge chake cha Pasaka, nywele amezisuka vizuri, na mfuko wa maparachichi mkononi. Alimsalimia mlinzi, akamsalimia karani, akakaa ofisini na mikono juu ya magoti. Elina aliitwa. Alipomwona mama yake pale kwenye kiti, alibaki mlangoni.

Madam Margareth alieleza kilichoonekana kwenye kompyuta, akayasoma maneno yote kwa sauti. Hulda alisikiliza hadi mwisho.

"Elina alituambia mama yake ni marehemu," alisema Madam. "Wewe ni nani kwake?"

Hulda alimtazama mwanawe. Elina akatazama sakafu.

"Mimi ni shangazi yake," Hulda akasema.

"Na huyo mama? Kweli alikuwa kichaa?"

"Alikuwa mgonjwa, ndiyo. Alikufa."

Madam Margareth akashusha pumzi. "Basi shangazi, utanielewa. Kama mama alikufa kwa ugonjwa huo, na mtoto mwenyewe anatafuta dalili, mimi siwezi kumlaza na watoto wa wenzangu. Aende nyumbani mpaka daktari aandike kuwa ni mzima."

"Kuna watu wanapona, mwalimu," Hulda akasema taratibu. "Wanameza dawa, wanaishi."

"Wewe umemwona nani?"

Elina alikuwa na nafasi ya kusema. Angesema neno moja tu, Madam angemwona huyo mtu amekaa mbele yake na maparachichi yake. Akakaza meno. Hulda alingoja kidogo.

"Nimesikia tu," akasema.

Nje ya geti Elina alianza kulia. "Mama..."

"Usiniite hivyo hapa," Hulda akamkata. "Wanasikia."

Walisafiri mpaka Igwachanya. Jumatatu Hulda alikwenda kwa daktari wake wa siku zote kuomba ile karatasi. Daktari alimpima Elina, akamhoji, akasema tatizo lake ni woga na kukosa usingizi. Kisha akamgeukia Hulda. "Mama, nenda ukawaonyeshe wewe ulivyo. Hiyo inatosha kuliko barua yangu."

"Andika tu, daktari," Hulda akajibu.

Elina akarudi shuleni. Alilala peke yake chumba cha pembeni, karibu na matroni, na kwenye kompyuta akakalishwa mashine iliyo jirani na meza ya Mwalimu Jastin. Hakuandika tena swali lolote. Wenzake walimwita Dalili, na jina hilo likamfuata mpaka kidato cha nne.

Siku ya mahafali, Mwalimu Jastin aliwaonyesha wageni jinsi anavyowalinda watoto kwa programu yake, akapigiwa makofi. Baadaye yatima wa kidato cha nne waliitwa mbele kupewa mablanketi. Jina la Elina lilisomwa. Akaenda. Akapewa kipaza sauti atoe shukrani kwa niaba ya wenzake, na macho yake yakamwona Hulda katikati ya wazazi, kwenye kile kitenge.

Akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Namshukuru Mungu," akasema. "Nawashukuru walimu. Namshukuru na shangazi yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki."

Hulda alipiga makofi na wengine. Mama mmoja aliyekaa kando yake akamgusa bega.

"Umemlea vizuri mtoto wa marehemu."

"Ahsante," akasema Hulda.