Mlango Uangalie Zizi

Baba yangu aliwahi kulala ndani ya pipa. Usicheke. Jeshi la Mwingereza lilimpeleka vitani Bama, ng'ambo ya bahari, na huko waliletewa nyumba za bati zilizopinda kama pipa lililopasuliwa katikati likalazwa chini. Zinafika vipande vipande melini, askari wanakaza nati, jioni mnalala. Vita ikisogea mnafungua, mnasogea nayo. Alituhadithia tukiwa wadogo hapa Susuni, tukaona mzee anaongopa. Nyumba inakufuata kama mbuzi?

Siku hizi ziko kila mahali, ila kuta zimenyooka. Bomani wanauzia mbolea humo. Nilipokwenda Busawe kwenye msiba wa shemeji nikakuta wamehifadhi mahindi ya kijiji ndani yake, makavu, hayajaguswa na panya. Panya wa Busawe nao... lakini sikutaka kusema panya, nilitaka kusema mke wangu.

Mke wangu ana kifua. Nyumba yake ya udongo ilikuwa inavuja, na ukuta wa nyuma umelowa mpaka ukiuegemea unaondoka na tope mgongoni. Masika yalikaribia, nami niliogopa kwamba akibaki mle hatayamaliza. Ndipo mtoto wetu aliyeko Mwanza akatuma nyumba ya chuma kwa lori, pamoja na fundi wa kuifunga.

Wiki haikuisha, ikasimama. Mke wangu akaizunguka, akarudi kukaa kwenye unyevu wake.

Mlango ulikuwa unaangalia barabara. Kwetu mlango wa mama unaangalia zizi. Nchi hii tumeibiwa ng'ombe sana. Mtu analala sikio liko zizini. Mimi nami nilikuwepo tangu mwanzo, nimeshika spana, nashangaa bati linavyong'aa, mlango sikuuwaza.

Fundi, Msukuma mpole, akamfuata. Akamwamkia, akamweleza kwamba mjini kila mtu anataka mlango wa barabarani.

"Mura," mke wangu akamwambia, kama tunavyomwita kijana kwetu, "nikilala nimewapa ng'ombe mgongo, watajua nimekufa."

Fundi akatoka, akaanza kukusanya vyombo vyake. Mimi nikabaki nautazama ule ukuta wa chuma, nati zake zimejipanga kama vifungo vya koti, na baba akanijia kichwani. Nikamuuliza fundi kama kipande chenye mlango kinaweza kutoka, kikaenda nyuma.

"Vyote saizi moja, mzee. Ulikuwa hujui?"

"Niliambiwa nikiwa mtoto," nikamwambia. "Sikuamini."

Akafungua. Kipande cha mlango tukakipeleka upande wa zizi, cha zizi kikaja barabarani. Kazi ya mchana mmoja. Mke wangu alikuwa anatuchungulia, nilimwona, akijifanya anapepeta mtama. Tulipomaliza akaingia na kigoda chake.

Mvua ya kwanza ikashuka siku hiyo hiyo. Jamani, bati! Kelele ile hata fahali angelia usingemsikia. Nikasema moyoni basi, sasa anarudi kwenye udongo. Akanyanyuka kweli. Nikasogea kufunga mlango asipigwe na baridi.

Akanishika mkono, akaniinamia sikioni. "Acha wazi. Nawaona."

Akavuta kigoda mpaka karibu na kizingiti, ila mvua isimfikie. Nikakaa chini kando yake. Ng'ombe walikuwa wamesimama wamelowa, wanatuangalia. Nikampapasa bega, kama ninavyofanya kila masika paa likivuja. Lilikuwa kavu.